Nyerere na gharama ya kutimiza neno

Ian Smith, waziri mkuu wa koloni la Uingereza la Rhodesia (Zimbabwe ya leo), alipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, ili walowezi wachache waendelee kutawala Waafrika walio wengi, mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Addis Ababa wakaazimia: Uingereza isipozima uasi huo kufikia tarehe 15 Desemba, wanachama wavunje uhusiano nayo. Siku ilipowadia, nchi nyingi zilinyamaza. Tanzania ilivunja, na mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Kwangu, ubora wa uongozi wa Mwalimu Nyerere unaonekana katika namna alivyoamua: tarehe 14 Desemba alilieleza Bunge sababu zake hadharani, kabla ya kutenda, bila kuficha kwamba nchi changa ingeumia.

Wapo wanaosema hasara ilikuwa bure, maana Smith hakuanguka na uhusiano ulirejeshwa mwaka 1968. Ni kweli hakuanguka, na fedha zile zilihitajika mno. Lakini azimio ambalo waliolipitisha wenyewe hawalitekelezi humpa adui ruhusa ya kuendelea. Baadaye, Nyerere alipoongoza nchi za mstari wa mbele, zilizounga mkono ukombozi wa kusini mwa Afrika, wapigania uhuru na mabalozi wa Magharibi walijua kwamba neno lake lina uzito, kwa kuwa alikwisha kulilipia. Zimbabwe ilipata uhuru mwaka 1980. Kiongozi anayeahidi msimamo mkali leo aulizwe kwanza: gharama yake umewaambia wananchi?