Je, Wajua? Ligi ya Vyuo Kumi na Viwili Iliyobaki na Viwili

Je, wajua kwamba ligi ya vyuo vikuu yenye mataji mengi kuliko zote Marekani ilivunjika mgongo kwa siku moja? Inaitwa Pac-12. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza kufikisha mataji 500 ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo. UCLA, iliyokuwa mwanachama wake, ilibeba ubingwa wa mpira wa kikapu mara 10 kati ya 1964 na 1975 chini ya kocha John Wooden.

Kwanza tuelewane. Vyuo vya Marekani havichezi ligi moja ya taifa. Hujiunga kwa makundi, na kila kundi lina katiba yake, kamishna wake na mikataba yake ya televisheni. Chuo kikiona kwingine kuna maslahi zaidi, huhama kama mchezaji anavyohama klabu.

Je, wajua kwamba Pac-12 ilizaliwa hotelini? Wajumbe wa vyuo vinne walikutana Portland, jimbo la Oregon, Desemba 1915: California, Washington, Oregon na kile ambacho leo ni Oregon State. Washington State ikaingia 1917, Stanford 1918, USC 1922 na UCLA 1928. Idaho na Montana nazo zilikuwemo.

Katikati ya miaka ya 1950 ikagundulika kwamba wapenzi wa timu kadhaa walikuwa wakiwalipa wachezaji kwa siri. Vyuo vikarushiana lawama, na mwaka 1959 ligi ikavunjwa. Vitano vyenye nguvu, vinne vya California pamoja na Washington, vikaanzisha ligi mpya na kuwaacha wenzao nje. Washington State ilisubiri hadi 1962, Oregon na Oregon State hadi 1964. Idaho haikuitwa tena, ingawa kampasi yake iko kilomita 13 hivi tu kutoka Washington State. Shika majina mawili hapo, Washington State na Oregon State; tutakutana nayo tena.

Je, wajua kwamba Mnandi mmoja aliitikisa dunia akiwa mwanafunzi wa ligi hii? Henry Rono alisoma Washington State, katika mji mdogo wa Pullman uliozungukwa na vilima vya ngano. Aprili 8, 1978, huko Berkeley, kilipo chuo cha California, alivunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 kwa dakika 13:08.4. Mei 13, Seattle, akavunja ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji: 8:05.4. Akavuka bahari. Juni 11 akiwa Vienna ikaanguka ya mita 10,000 kwa 27:22.4, na Juni 27 mjini Oslo ikafuata ya mita 3,000 kwa 7:32.1. Rekodi nne za dunia ndani ya siku 81, na mbili kati ya hizo aliziweka katika miji ya vyuo vya ligi yake mwenyewe.

Rekodi yake ya viunzi ilidumu hadi 1989, na aliyeivunja, Peter Koech, naye alikuwa Mkenya aliyesoma Washington State. Rono hakuwahi kukimbia Olimpiki. Mwaka 1976 Kenya ilisusia michezo ya Montreal pamoja na nchi nyingine za Afrika, na 1980 ikasusia ya Moscow. Kwa maoni yangu hakuna mwanariadha wa zama zake aliyedhulumiwa zaidi na siasa. Alifariki Nairobi Februari 2024, akiwa na umri wa miaka 72.

Je, wajua namna jina linavyohesabu? Ligi iliitwa Pac-8 mwaka 1968, ikawa Pac-10 mwaka 1978 Arizona na Arizona State zilipoingia, kisha Pac-12 mwaka 2011 kwa kuja Colorado na Utah. Huko kwingine hesabu imeshindikana: Big Ten, yaani Kumi Wakubwa, ina wanachama 18.

Baadhi yao walitoka hapa hapa. USC na UCLA zilitangaza kuondoka Juni 2022, na Colorado ikafuata Julai 2023. Waliobaki waliwekewa mezani ofa ya kampuni ya Apple, ya kurusha mechi mtandaoni kwa watakaolipia. Ijumaa ya Agosti 4, 2023, badala ya kutia saini, Oregon na Washington zikaenda Big Ten. Arizona, Arizona State na Utah zikaenda ligi nyingine, Big 12. Vyuo vitano kwa siku moja. Wiki chache baadaye Stanford na California, vyuo vya ufuoni mwa Pasifiki, vikajiunga na ligi inayoitwa ya Pwani ya Atlantiki. Leo mabinti wa mpira wa wavu wa Berkeley wakienda kucheza Boston husafiri mbali kuliko kutoka Nairobi hadi Johannesburg, kisha hurudi kufanya mitihani. Fedha za televisheni zinatafutwa kwa ajili ya mpira wa Kimarekani, lakini uchovu wanabeba wote.

Nani walibaki? Washington State na Oregon State, wale wale wa 1959. Safari hii hawakukaa kimya. Walikwenda mahakamani, na Novemba 2023 jaji wa jimbo la Washington akaamua kwamba bodi ya ligi ni yao wawili. Mahakama ya Juu ya jimbo ikakataa kuingilia. Hivyo jina na hazina vikabaki mikononi mwa walioachwa, na mimi nasema walistahili.

Kanuni za NCAA ziliwapa miaka miwili kujaza nafasi hadi wafike wanane. Wakawavuta Boise State, Colorado State, Fresno State, San Diego State, Utah State, Texas State na Gonzaga, na tarehe iliyowekwa ya kuanza pamoja ni Julai 1, 2026. Hiyo ni jumla ya vyuo tisa, na Gonzaga haina kabisa timu ya mpira wa Kimarekani.