Wakala wa Kubuni Uliotaka Kufukua Mto wa Brixton

Mwaka 1992 watu wa Brixton na Herne Hill, kusini mwa London, walianza kusikia habari za taasisi iliyojiita Effra Redevelopment Agency. Ilijinadi kama wakala wa kuliendeleza upya bonde la mto Effra, na mpango wake haukuwa mdogo: mto uliofunikwa tangu karne ya 19 ufukuliwe, maji yapite tena juani katikati ya mitaa. Matangazo yake yalisema kwa lugha ile ile ya maofisa wa mipango miji, lugha ya kuahidi neema kwa kila mtu. Wapo waliofurahi. Wapo waliopinga vikali, maana mto haurudi mtaani bila kugusa nyumba za watu.

Wakala huo haukuwapo. Ulibuniwa na PLATFORM, kikundi cha London kilichoanza 1983 kikichanganya sanaa, siasa na mazingira. Effra ulikuwa mmoja wa mito minne katika mradi wao wa Still Waters. Mingine ilikuwa Fleet, Walbrook na Wandle.

Sisi tunaoishi huku tunapita juu ya Effra bila kuujua. Unaanzia vilima vya Norwood, unashuka Dulwich na Herne Hill, unapita Brixton na karibu na uwanja wa kriketi wa Oval, kisha unaingia Thames pale Vauxhall. Nyumba zilipoongezeka katika karne ya 19, mto ukageuzwa jalala la maji machafu. Kisha likaja joto la 1858, Thames ikanuka hata wabunge wakashindwa kuvumilia ndani ya jengo lao, na mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kazi ya kujenga mtandao mkubwa wa mifereji ya majitaka. Effra ukamezwa humo. Ukimwambia Mzanzibari anayepita Darajani kila siku, hatashangaa sana: Wazanzibari nao walikuwa na mkono wa bahari kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, ukafukiwa wakati wa ukoloni, barabara ikapita juu.

Mto usioonekana hauchelewi kuvumishiwa mambo. Wazee wa Brixton husimulia kwamba Malkia Elizabeth wa Kwanza alipanda Effra kwa mashua kwenda kumtembelea Walter Raleigh. Wengine wana kisa cha jeneza lililozama kutoka makaburi ya Norwood, likachukuliwa na mto chini kwa chini hadi Thames. Visa vitamu, ushahidi ndio haba. Kwa hiyo PLATFORM hawakuwa wa kwanza kuutungia mto huu uongo. Walichobadilisha ni namna ya kuusimulia: badala ya malkia na mizimu, wakaleta ofisi.

Kwa maoni yangu hapo ndipo penye ufundi wote. Serikali ya Uingereza ilikuwa imeunda shirika la kuendeleza eneo la bandari za kale mashariki mwa London mwaka 1981, likapewa mamlaka ya mipango yaliyokuwa ya halmashauri zilizochaguliwa na wananchi. Mwaka 1989 mashirika ya maji ya Uingereza na Wales yakabinafsishwa. Mwaka 1992, basi, wakala usiochaguliwa na mtu kutangaza kwamba utachimba mtaa wako ni jambo la kuaminika kabisa. Aliyewahi kuona X nyekundu, alama ya nyumba itakayobomolewa, kwenye kuta za nyumba za Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, ataelewa upesi kwa nini watu hawakucheka kwanza. Sijui kama mimi ningewasamehe haraka hao wasanii kama mama yangu mzee angekuwa mpangaji pale. Lakini ubishi walioupata ulikuwa wa kweli: ardhi ya mtaa ni ya nani, na nani huulizwa kabla haijapangwa?

Ubunifu huo haukuishia kwenye karatasi. Katika mto Wandle, ambao bado una sehemu nyingi za wazi, kikundi hicho hicho kilifuatia na mradi wa Delta mwaka 1993, wakafunga mtambo mdogo wa kufua umeme kwa nguvu za maji kwa ajili ya shule ya jirani. Effra haukupata bahati hiyo, na ugumu wake unaeleweka: kinachopita mle sasa kimechanganyika na majitaka ya kusini mwa London, na hakuna anayetaka hayo yapite mlangoni.

Waandishi nao hawajauacha. Ben Aaronovitch, katika riwaya yake Rivers of London ya 2011, amewapa mito ya mji huu sura za watu. Thames ni mama wa Kinaijeria, na Effra ni mmoja wa mabinti zake, mwenyeji wa Brixton. Katika mji ambao abiria wa meli ya Windrush, wahamiaji kutoka Karibi, walitafutiwa kazi pale Coldharbour Lane, Brixton, mwaka 1948, sioni ajabu mito kuwa na koo za Kiafrika.

Anayetaka kuutafuta mwenyewe aanzie Belair Park, Dulwich, ambako ziwa dogo huhesabiwa kuwa kipande cha Effra kilichobaki wazi. Kuanzia hapo ashuke hadi Brixton akiangalia chini: tangu 2016 yamewekwa mabamba ya chuma kwenye njia za miguu, yakionyesha mto ulipopita. Mdomo wake uko Vauxhall, jirani na makao makuu ya majasusi wa MI6, na huonekana vizuri maji ya Thames yakitoka.