Lipa Namba Ukutani, Daftari Mezani

Mfanyabiashara mdogo wa Tanzania hakuchelewa kuipokea teknolojia. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaingia kwetu 2008, na haikupita miaka mingi wenye maduka, mama lishe na mafundi cherehani wakawa wanapokea pesa kwenye simu, wengi wao hata akaunti ya benki hawana. Ndiyo maana nashangaa nikisikia kwamba watu hawa wahimizwe kuingia kwenye biashara ya kidijitali. Waliingia zamani. Kilichobaki nyuma ni hesabu.

Chukua muuza vitenge wa Kariakoo. Asubuhi anapiga picha mzigo mpya na kuuweka kwenye status ya WhatsApp, na kabla ya saa sita mchana mteja wa Mwanza ameshachagua rangi. Mteja analipa kwa Lipa Namba, yaani namba ya malipo ya biashara, vitenge vinafungwa kwenye mfuko wa salfeti, bodaboda anavikimbiza stendi. Risiti ya basi inapigwa picha na kutumwa ili mteja akapokee mzigo wake kesho. Ni zaidi ya kilomita 1,000, na wawili hawa hawajawahi kuonana. Biashara ya namna hii zamani ilihitaji ndugu wa kuaminika au safari.

Dukani nako desturi mpya imejengeka. “Mangi, nimeshalipa,” anasema mteja huku akionyesha simu yake. “Subiri kidogo kaka, meseji haijaingia kwangu.” Hajamkosea heshima. Meseji za kughushi zipo, na malipo ya kweli ni yale yanayoonekana kwenye simu ya muuzaji.

Tatizo linaanza pesa ikishaingia. Wengi bado wanapokea kwenye laini ile ile wanayoitumia kumtumia mama kijijini, kununua luku na kujiunga bando. Jioni salio linasoma shilingi 340,000. Mtaji ni ngapi, faida ni ngapi, na michango ya harusi aliyokabidhiwa aitunze ni ngapi? Hakuna anayejua, hata yeye mwenyewe. Lipa Namba inayatenga mauzo na pesa ya nyumbani, na inaacha taarifa ya miamala yenye kila malipo, siku na saa yake. Kwa maoni yangu hiyo taarifa ndiyo faida kubwa kuliko zote, na ndiyo isiyosomwa. Ukiipitia kwa mwezi mmoja tu utaona siku ambazo duka linauza na saa ambazo unachoma umeme bure.

Kinachowazuia wengi kutumia Lipa Namba ni makato. “Tuma na ya kutolea” imekuwa kama salamu. Hofu hiyo ina sababu: tozo ya miamala iliyoanza Julai 2021 ilifika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, na ingawa Serikali iliipunguza kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo huo, kisha ikaipunguza tena, wapo waliokimbilia taslimu na wakabaki huko. Siwalaumu. Lakini tazama safari ya pesa yenyewe: inatolewa kwa wakala asubuhi, inabebwa mfukoni hadi kwa muuzaji wa jumla, naye jioni anakwenda kuiweka benki. Imekatwa, imehatarishwa njiani, na imeishia pale pale ambapo ingefika kwa kubonyeza simu. Kama muuzaji wa jumla ana namba ya malipo, linganisha makato ya njia zote mbili kabla ya kwenda kwa wakala.

Hofu nyingine ni Mamlaka ya Mapato, TRA: “Nikiweka Lipa Namba wataona mauzo yangu yote.” Lakini kumbukumbu hizo hizo zinaweza kukupunguzia kodi. Tufanye hesabu. Kodi ya makadirio kwa mfanyabiashara mdogo ina viwango viwili, cha mwenye kumbukumbu na cha asiye nazo. Kwa viwango vya 2019, mwenye mauzo ya shilingi milioni 9 kwa mwaka asiye na kumbukumbu alitozwa 250,000. Aliyetunza kumbukumbu alitozwa 90,000 na asilimia 3 ya mauzo yaliyozidi milioni 7, yaani 60,000. Jumla 150,000. Kwa kuandika tu, ameokoa 100,000! Viwango hubadilika na bajeti, kwa hiyo uliza ofisi ya TRA iliyo karibu nawe.

Mikopo ya simu nayo hupimwa kwa mwenendo wa laini yako. Inafaa kwa bidhaa inayotoka ndani ya wiki, kama mkate na soda. Kununulia mabati yatakayokaa dukani miezi mitatu ni kujitafutia kesi.

Hata hivyo, simu haijui kila kitu. Haijui kwamba jirani amechukua kilo mbili za sukari kwa mkopo, wala kwamba nusu tenga ya nyanya imeoza. Haijui pia unga ambao mwenye duka amebeba jioni kwenda nyumbani. Hayo yanahitaji daftari la shilingi elfu moja na kalamu, yaandikwe siku hiyo hiyo: mkopo kwa bei ya kuuzia, kilichooza na kilichobebwa nyumbani kwa bei ya kununulia. Nimeona maduka mengi ya mtaani yakifungwa huku wateja wapo, na mara nyingi ni huo unga wa jioni. Mwenye duka ajipangie mshahara, hata shilingi 5,000 kwa siku, aulipe kutoka kwenye pesa ya biashara kwenda laini yake binafsi, kisha unga wa nyumbani aununue kama mteja mwingine yeyote.