Mvuta mkokoteni angechagua kiungio gani?

Simama Kariakoo asubuhi utazame mkokoteni ukipakiwa magunia. Mvutaji hana mizani. Kabla ya kuondoka huinua mikono ya mkokoteni kidogo, akaishusha, kisha akamwambia mpakiaji asogeze gunia moja mbele. Mzigo ukielemea nyuma, mikono humnyanyua, na mteremkoni mkokoteni ndio unaomwendesha yeye. Ukielemea mbele mno, mabega yanamfia kabla hajafika Mnazi Mmoja. Anachotaka ni uzito wa kiasi mikononi.

Mtu huyo ndiye ninayemkumbuka kila ninapopigiwa simu na ndugu zetu wa Marekani na Kanada walionunua karavani, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na pikapu. Swali lao ni moja: "Fundi, ninunue kiungio gani ili tela lisipige mkia?" Nami huwauliza shingo ya tela inabonyeza gari kwa kilo ngapi. Mara nyingi simu hunyamaza.

Kiungio wanachokitafuta, yaani kifaa kinachounganisha tela na gari, hufanya kazi mbili, na wauzaji wanapenda kuzichanganya. Ya kwanza ni kugawa uzito, ya pili ni kuzuia kuyumba. Kiungio kinaweza kuwa hodari katika moja na dhaifu katika nyingine.

Tuanze na uzito. Chukua karavani ya kilo 3,000 ikiwa imeshapakiwa vyombo, maji na gesi. Kwa matela ya Marekani ya aina hii, shingo inatakiwa kubeba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Tuseme 12, yaani kilo 360. Uzito huo hukaa juu ya gololi ya chuma ya kiungio, na gololi iko nyuma ya ekseli ya nyuma ya pikapu, labda kwa mita 1.5. Ekseli hiyo inageuka kuwa egemeo, kama bembea ya watoto: nyuma kukibonyea, mbele kunanyanyuka. Ikiwa kati ya ekseli mbili za pikapu kuna mita 3.6, matairi ya mbele hupoteza kilo 150, na ya nyuma huongezewa 510, si 360 kama wengi wanavyodhani. Usukani unakuwa mwepesi, breki za mbele zinapungukiwa na mshiko, na taa zinamulika matawi ya miti.

Hapo ndipo zinapoingia nondo za springi. Ni vyuma viwili vinavyotoka kwenye kichwa cha kiungio na kulala sambamba na shingo ya tela. Ukivipandisha na kuvifunga vikiwa vimekazwa, hujaribu kulinyanyua gari pale penye kiungio, kama mtu aliyeshika mikono ya toroli. Sehemu ya uzito hurudi matairi ya mbele, sehemu nyingine huenda kwenye ekseli za tela. Kwa gari letu la mfano, ikiwa ekseli za tela ziko mita 5 nyuma ya gololi, kuzirudisha kilo zote 150 mbele kutapeleka kilo zipatazo 80 kwenye tela, na ekseli ya nyuma itabaki na nyongeza ya 280 hivi.

Lakini je, urudishe zote? Hapa pana ubishi hata kati ya mafundi. Baadhi ya watengenezaji wa magari husema rudisha nusu tu, wengine zaidi, na kitabu cha gari lako ndicho hakimu. Linalokubaliwa na wote ni kwamba usivuke kiwango: matairi ya mbele yasiwe mazito kuliko yalivyokuwa kabla ya kufunga tela. Ukikaza mno unaipunguzia ekseli ya nyuma uzito inaouhitaji, na kwenye kona gari linaweza kuteleza kwa nyuma. Kupima ni rahisi. Pima kwa futi kutoka ardhini hadi ukingo wa madigadi ya mbele kabla ya kufunga tela, pima tena likiwa limefungwa bila nondo, kisha nondo zikiwa zimekazwa. Tofauti ya vipimo hivyo inakuambia umerudisha kiasi gani.

Viungio huuzwa kwa tarakimu mbili, kwa pauni: kwa mfano 800 kwa 8,000, au 1,000 kwa 10,000. Ya kwanza ni uzito wa shingoni, ya pili ni uzito wa tela zima. Watu huangalia ya pili. Anza na ya kwanza, na usiitoe kwenye kijitabu cha muuzaji, kwa sababu pale karavani imepimwa tupu, bila sufuria hata moja. Kilo zetu 360 ni pauni kama 794, na mizigo iliyo bodini nyuma ya ekseli nayo inahesabiwa, kwa hiyo kiungio cha 800 tayari kimejaa. Ningechukua cha 1,000. Nisingechukua cha 1,400 "kwa usalama", maana nondo nene mno hazipindi: kila shimo la barabarani linaipiga fremu ya tela.

Sasa kuyumba. Tela hupiga mkia kwa sababu ya upepo, lori linalokupita, mwendo, na zaidi ya yote, shingo nyepesi. Kila mwendo ukiongezeka, mtikisiko huchelewa zaidi kutulia, mpaka inafika kasi ambapo badala ya kutulia unakua. Vizuizi vya kawaida hutumia msuguano. Cha bei nafuu ni mkono mmoja wa kusugua unaofungwa pembeni. Huo lazima uuvue kabla ya kurudi nyuma, la sivyo utapinda. Vingine, kama Equal-i-zer, husugua kwa nondo zenyewe, na hivyo unarudi nyuma bila kuvua kitu. Kundi la tatu, Hensley Arrow na ProPride, halitegemei msuguano: mpangilio wa vyuma vyake hulifanya tela lijione kana kwamba limefungwa karibu na ekseli ya nyuma ya gari, si kwenye gololi. Ni vizito na ni ghali sana. Kwa karavani ndefu inayovutwa kila wiki, ninaielewa gharama hiyo. Kwa safari mbili za kiangazi, cha msuguano wa nondo kinatosha.

Wazungu wa Ulaya wanavuta karavani bila nondo hizi, msomaji mmoja wa Ujerumani alinikumbusha. Kweli, ila karavani zao ni nyepesi, shingo hubeba asilimia 5 hadi 7, na sheria ya Ujerumani ni kilomita 80 kwa saa, au 100 kwa kibali. Mwendo huo wenyewe ni kizuizi.

Hakuna chuma kitakachoponya upakiaji mbaya. Tangi la lita 150 lililo mita 1.5 nyuma ya ekseli za tela letu, likijazwa, linaipunguzia shingo kilo 45. Ongeza baiskeli mbili zilizoning'inizwa nyuma, na asilimia 12 imeshashuka chini ya 10. Mvuta mkokoteni angelihisi hilo mikononi. Dereva wa pikapu hahisi chochote hadi lori limpite.

Kwa hiyo nenda mizani kabla ya kwenda dukani. Marekani na Kanada, vituo vingi vya malori vina mizani ya CAT yenye majukwaa tofauti kwa kila kundi la ekseli, na hakuna askari wa kukuandikia faini. Pima gari peke yake, kisha gari na tela. Ukishanunua kiungio, rudi upime nondo zikiwa zimefungwa. Nenda na familia yote garini, tangi likiwa na maji kama mtakavyosafiri, na bibi akae kiti kile kile atakachokalia safarini.