Moyo Huku, Unyoya Kule

“Mjomba, kwa nini huyu ana kichwa cha mbweha, halafu amevaa kama mtu anayekwenda mwezini?”

Swali zuri hilo! Mtoto anayeuliza hivyo ameitazama picha vizuri. Sogeeni wote.

Huyo ni Anubis. Watu wa Misri ya kale walimchora zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Wachoraji wa leo humchukua wakampeleka mbele, kwenye miaka ambayo haijafika. Humvisha vazi la mwanaanga, wakampa mizani inayowaka taa. Lakini kazi yake ni ile ile. Anapima moyo.

“Moyo wa nani?”

Wa kila aliyekufa. Mmeiona mizani ya sahani mbili pale sokoni Bokoli, jiwe huku, sukari kule? Ya Anubis ni hivyo hivyo. Moyo huku, unyoya kule. Hebu tuusikilize unyoya wenyewe.

“Mimi ni unyoya wa Maat, mungu wa kike wa ukweli na haki. Ni mwepesi, upepo mdogo tu unanibeba. Lakini uongo na dhuluma hufanya moyo uwe mzito. Moyo ukinishinda uzito, Ammit anaumeza. Mtazameni pale kando: kichwa cha mamba, kifua cha simba, nyuma kiboko. Na huyu mwenye kichwa cha kwarara ni Thoth. Ameshika kalamu, anaandika kila kitu.”

Asante, unyoya. Picha kama hiyo imo katika mafunjo ya karani mmoja aliyeitwa Ani, ya mwaka 1250 hivi kabla ya Kristo. Sasa yako British Museum, London. Ani mwenyewe amechorwa ameinama, anangoja hukumu.

“Kwa hiyo adui yake ni Ammit?”

Ungedhani hivyo, mwanangu, na hapa ndipo ninapowapenda sana Wamisri wale. Walipomhifadhi maiti, ubongo waliutoa. Moyo waliuacha ndani. Kisha juu ya kifua wakaweka mdudu aliyechongwa kwa jiwe, mbawakawa, mwenye maandishi tumboni. Maandishi yale ni ombi. Marehemu anausihi moyo wake usisimame kuwa shahidi dhidi yake. Mmesikia? Hamwombi Ammit. Anauomba moyo wake mwenyewe! Vita viko ndani. Hata ukimvisha Anubis chuma kitupu na kumpandisha kwenye chombo cha angani, vita vile viko ndani.

Na si wachoraji tu wanaoipeleka Misri angani. Kule Marekani alizaliwa mwanamuziki mmoja mwaka 1914, mjini Birmingham, Alabama. Alijiita Sun Ra, akichukua jina la Ra, mungu wa jua wa Misri. Katika filamu yake ya 1974, Space Is the Place, anavaa kama farao na kutaka kuwahamishia watu weusi kwenye sayari nyingine. Misri ya kale ikawa kesho yake.

“Na sisi, mjomba? Misri ni yetu?”

Wazee wetu wa Kibukusu husimulia kwamba tulitoka Misri. Husimulia pia habari za Mango na joka lililoua watu. Mango aliapa kuliua. Mama yake akalia, akimsihi asiende. Akaenda. Joka lilipokuwa nje, akajificha ndani ya pango lake. Liliporudi likaingiza kichwa, akakikata. Kichwa kikauma mti, majani yakapukutika! Kisha Mango akatahiriwa, na hadi leo vijana wetu hutahiriwa Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili.

Wasimulizi wengi hukimbilia pale panga linaposhuka. Kinachonivuta mimi ni pale kabla yake. Mango yuko peke yake gizani. Joka halijafika. Sauti moja ndani yake inasema toka ukimbie, nyingine inasema kaa. Moyo huku, unyoya kule. Kama ningekuwa mchoraji, ningechora hapo.

Basi chukueni kalamu zenu za rangi. Mchoreni Mango pangoni, mwaka wowote ujao mnaoutaka. Mpeni kofia ya mwanaanga, mpeni taa kifuani. Ila kwanza nendeni kwa kuka, babu yenu, mkamuulize kisa chote, maana kila mzee hukisimulia kwa namna yake.