Asali ya Nyuki Wasiouma Ipimwe kwa Kipimo Chake

Mnunuzi wa mjini Masii, Kenya, aliyezoea asali nzito ya mizinga ya magogo huishuku upesi asali ya nyuki wasiouma: ni nyepesi, ina ukakasi, huonekana kama imetiwa maji. Shaka hiyo ina msingi, kwani kiwango cha kimataifa cha Codex hakiruhusu maji yazidi asilimia 20, ilhali asali hii aghalabu hupita 25. Lakini kiwango hicho kiliandikiwa nyuki wa kawaida. Nyuki hawa wasiouma hufinyanga vijungu vya nta iliyochanganywa na utomvu wa miti, asali ikakaa humo na kuchachuka kidogo. Utomvu huo, pamoja na maua, ndio chanzo cha fenoli na flavonoidi, antioksidanti, yaani kemikali zinazozuia molekuli zenye upungufu wa elektroni zisiharibu chembe za mwili. Maabara hupima uwezo huo kwa DPPH, kemikali ya zambarau inayogeuka manjano ikikutana na antioksidanti, na mara nyingi asali hii huigeuza vizuri kuliko ya nyuki wa kawaida.

Watasema: tukikubali maji mengi, walaghai watajaza chupa maji ya bomba yenye sukari guru. Hofu hiyo ni ya haki, ila jibu lipo. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walitambua kwamba sukari kuu ya asali za aina hii walizozipima ni trehalulosi, ambayo nyuki huiunda kutokana na sukrosi na ambayo mwili huimeng'enya polepole. Sharubati ya sukari guru haina trehalulosi. Kipimo cha trehalulosi hakimnasi mfugaji anayewalisha nyuki sukari, kwa hiyo chavua na fenoli pia zipimwe. Tena kiwango mahususi kwa asali hii kinawezekana: Malaysia ilijiwekea chake mwaka 2017.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kinachotokea kwenye tyubu si lazima kitokee mwilini. Ni kweli kabisa. Hata asali ya sisimizi wa jangwa la Australia, ambayo mwaka 2023 ilithibitishwa katika maabara kuwa huua bakteria wa *Staphylococcus aureus*, haijawa dawa ya hospitali kwa sababu hiyo pekee. Asali ya nyuki wasiouma inastahili bei nzuri kama chakula. Mwenye kisukari asiache dawa zake kwa ajili yake, na mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asilambishwe asali yoyote.