Karata haichoke, mutu ndiye anachoka

Wandugu wa kazi, mama na watoto wa kambi, leo tunawaletea habari ya muchezo. Musicheke. Ni muchezo wa karata wa Marekani, na umetufungua macho juu ya listi ya posti kupita semineri mingi tulizokaliaka.

Mwezi uliopita, mutoto wa mwenzetu mumoja mu delegasyo alirudi kutoka Marekani kusalimia wazazi. Mu valizi alileta kisanduku: karata mingi, dadu, na kitabu kidogo cha sheria. Muchezo unaitwa Strat-O-Matic. Ni besiboli, lakini ya juu ya meza. Tuko watu wane mu komite. Tangu siku ile, kila siku ya posho kisha kazi tunakutana kwa mwenzetu. Kila mumoja wetu iko na ekipi yake, na tunafanya shampiona.

Kwa wale wasiojua besiboli, tuseme kwa ufupi. Mutu mumoja anatupa mupira kwa nguvu. Mwengine, wa ekipi ya upande wa pili, anaupiga na fimbo, alafu anakimbia kuzunguka vituo vine. Akirudia nyumbani, ekipi yake imepata pointi. Mutupaji iko na wenzake munane wanaomulindia uwanja na glavu mukononi. Ndiyo yote.

Sasa karata. Mwamerika mumoja, Hal Richman, alianza kuuzisha muchezo huu mu 1961. Kila karata iko na jina la mutu aliyecheza kweli, na namba zake zinatoka mu kazi aliyofanya mwaka mumoja. Kisanduku chetu ni cha mwaka 1968. Unatupa dadu tatu. Moja ya rangi ya kipekee inasema usome karata gani: 1 mupaka 3, unasoma ya mupigaji, 4 mupaka 6, unasoma ya mutupaji. Zile zingine mbili unajumulisha, na jumla inakuonyesha mustari wa kusoma: amepiga vizuri, ao ametoka. Kwa dadu moja bahati inaweza kukudanganya. Lakini ukicheza mechi mingi, mutu wa karata anaanza kufanana na yule wa kweli.

Kazi kubwa haiko kutupa dadu. Kazi kubwa ni kujenga ekipi ya watu 25. Tulichagua kwa zamu: yule wa mwisho mu duru ya kwanza ndiye anaanza duru ya pili, ili hakuna mutu ajaze wakubwa wote kwake. Mumoja wetu alipata kuchagua wa kwanza, akamukamata Bob Gibson, mutupaji wa St. Louis. Mu 1968 yule baba alianza mechi 34, akamaliza yeye mwenyewe 28, na hesabu yake ilikuwa pointi 1,12 tu kwa mechi nzima. Mwenzetu alipiga makelele sawa vile Mazembe imeingiza goli dakika ya mwisho.

Alafu akaanza makosa, na makosa yake yalikuwa yetu sote. Alichagua wapigaji wakubwa tupu, wale wa kutosha mupira mu stade. Ni sawa na kujenga Mazembe na washambuliaji kumi na mumoja. Mechi ya tatu, mupira ukienda katikati ya uwanja, hakuna wa kuukamata. Kumbe ku karata kuko namba ingine ndogo, ya ulinzi: 1 ni mulinzi bora, 5 ni mutu wa kusikitisha. Hatukuangaliaka ile namba hata siku moja. Kuko pia habari ya mukono: mupigaji wa kushoto kwa kawaida anaona vizuri mupira wa mutupaji wa kuume. Basi listi nzuri haiko ya watu wenye majina. Ni ya watu wanaojaziana pale mwenzao anakosa. Ku karieri tunajua hiyo: mafundi wote wakiwa posti ya asubui, posti ya usiku inabaki na nani?

Sheria iliyotugusa roho ni ya kupumuzika. Mwenzetu alitaka kumuweka Gibson kila mechi. Kijana wetu akasema hapana: mutupaji wa kuanza anapumuzika siku ine kati ya mechi na mechi. Alafu akatufundisha ingine, ambayo ligi mingi za karata zinafuata kule Marekani: mutu aliyepiga mara 100 tu mu mwaka wa kweli, huwezi kumupigisha mara 600 mu shampiona yako. Tulikuwa na karata ya kijana mumoja aliyechezaka kidogo, lakini namba zake zilikuwa moto. Tulitaka kumufyonza mupaka mwisho. Sheria ikatukataza. Ndiyo maana unapashwa kuwa na watu 25 wa kweli, hapana 10 wa kuchosha na 15 wa kujaza karatasi.

Pale mezani kukaingia kimya. Mumoja wetu anafanya kwa kampuni moja ya sous-traitance, jina tunaliacha. Juma ile alikuwa amemaliza usiku sita, masaa 12 kila usiku, ndani ya kamyo kubwa. Usiku wa tano, usingizi ulimukamata ku muteremuko. Aliamuka tairi iko tayari inakula ukingo wa barabara. Mungu alimusaidia. Akatuuliza: «Karatasi inapumuzika siku ine, na mimi?»

Hatukuwa na jibu. Tukaendelea kucheza. Kisha tukafanya kitu ingine: kubadilishana watu. Mwenzetu alikuwa na Curt Flood, wa St. Louis pia. Alimutoa kwa ekipi ingine ili apate mupigaji wa kushoto. Dakika mbili, kalamu moja, imeisha. Kijana akatikisa kichwa: «Ba papa, huyu ndiye mutu aliyekataa kutolewa hivi.» Akatuelezea.

Flood alichezea St. Louis miaka 12. Mu ulinzi alipata zawadi ya bora mara 7 mufululizo, 1963 mupaka 1969. Mu Oktoba 1969 wakubwa walimutuma Philadelphia bila kumuuliza. Kontra za wakati ule zilikuwa na mustari mumoja: ekipi inaweza kurudilia kontra yako kila mwaka, na hauna ruhusa ya kwenda kwingine. Flood, mutu mweusi, alisema yeye haiko mali ya kuuzishwa na kununuliwa, akapeleka mambo mu tribinali. Sindika ya wachezaji ilikubali kulipa avoka. Mu 1972 Tribinali Kubwa ya Marekani ilimushindisha, sauti 5 kwa 3. Kazi yake ya mupira ilikuwa imekwisha.

Na nani alikuwa kichwa ya ile sindika? Marvin Miller. Alitoka mu sindika kubwa ya watumishi wa chuma, ile ambayo wachimba shaba wa Marekani nao waliingia ndani yake mu 1967. Wachezaji walimuita mu 1966. Wakati ule mushahara wa chini ulikuwa dola 6 000 kwa mwaka. Mu kontra ya kwanza ya pamoja, 1968, ikawa 10 000. Kisha Flood kushindwa, hawakulala. Wachezaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, walikataa kutia sinyatiri mu 1975. Tarehe 23 Desemba ya mwaka ule, muamuzi Peter Seitz alisema: ekipi inaweza kurudilia mwaka mumoja tu, alafu mutu iko huru. Mumoja alifungua njia na akaanguka, wengine wakapita.

Mu 1981 walifanya mugomo, na mechi 713 hazikuchezwa. Kule Cleveland, siku ya mechi kubwa ya mastaa, walipeleka karata za Strat-O-Matic mu stade tupu na kucheza kwa dadu. Karata haifanyi mugomo. Karata haina bibi anayeingojea ku mulango.

Tulimurudisha Flood mu ekipi yake. Wengine walisema ni utoto. Labda. Lakini kisha pale tulitosha listi ya posti ya mwezi huu na kuisoma sawa vile tunasoma karata: nani amefanya usiku ngapi, nani amepumuzika, nani anawekwa kila siku kwa sababu ni hodari na hasemi kitu. Tuliona majina tisa yenye usiku sita mufululizo. Majina yale yako mbele ya macho yetu kila mwezi, lakini hatukuyahesabuka.

Kodi ya kazi ya 2002 inasema masaa 45 kwa juma na 9 kwa siku. Ya kupita pale ni masaa ya kuongeza, na inalipwa hivyo. Lakini sheria bila hesabu ni karatasi tu. Basi tunaomba jambo moja. Kila ndugu akamate daftari, aandike kila siku saa ya kuingia, saa ya kutoka, na siku ya kupumuzika. Kama umechoka sana kuandika, mama ao mutoto wa masomo akuandikie. Yeye anajua vizuri saa ulifika ku nyumba.

Siku ya posho ya mwisho wa mwezi, muzilete kwa delege wenu. Tutaziweka pa meza moja na listi ya kampuni, tuone nani anapashwa kupumuzika. Yule wa kamyo ameisha kuanza yake. Kisanduku cha karata nacho kitakuwa pale, kwa wale wanaotaka kujifunza.